Nilisema Nafika Hapo

Nakumbuka Jumamosi moja ya Novemba, mwanangu, na kila nikiikumbuka hunijia kwanza harufu ya udongo mbichi, kisha hofu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na siku hiyo nusura nimuue mzee wa watu kwa neno moja. Sikumtukana wala sikumsingizia. Nilisema tu, "Nafika hapo mara moja." Kaa nikusimulie. Chai ipo, na nje huko hakuna kinachokuita.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nililetwa Stockholm pamoja na wenzangu wachache kutoka Tanzania tujifunze mambo ya ushirika na ufugaji wa ng'ombe wa maziwa. Masomo ya darasani yalikuwa mjini, lakini walitugawa pia kwenye mashamba, mmoja mmoja, tukajifunze kwa mikono. Mimi nikaangukia kwa wazee wawili, kupita Jakobsberg. Ukishuka treni unapanda basi, na ukishuka basi unatembea hadi ujute. Mzee aliitwa Nils, mkewe Elsa, na nyumbani walikuwa wawili tu, na ng'ombe kumi na wanane. Vijana wa huku enzi zile waliwaita wazee wa rika lile farbror na tant, yaani kama kusema baba mdogo na shangazi, nami nikafurahi kuona kumbe Wazungu nao wana adabu zao.

Mimi mzaliwa wa Usangi, milimani Upare. Kwetu kuna baridi, asubuhi ukungu hulala juu ya migomba mpaka jua liufukuze, basi nikajiona baridi naijua. Na sisi Wapare tunasifiwa kwa ubishi. Sifa hiyo niliifungasha sandukuni nikaja nayo Ulaya.

Wale wazee walikuwa wakijiandaa kwa majira ya baridi kama watu wanaongoja kuzingirwa na adui. Ng'ombe wameshaingizwa bandani, hawatatoka tena hadi Mei. Viazi vimeshushwa kwenye handaki lililochimbwa ubavuni mwa kilima, lenye mlango mnene na paa la udongo lililoota majani. Nguruwe amechinjwa. Kuni zimepangwa hadi kwenye ukingo wa paa. Farbror Nils alichomeka fito ndefu kandokando ya njia, nikamuuliza ni za nini, akasema ni za kuonyesha njia ilipo, kwa sababu muda si mrefu njia yenyewe haitaonekana. Nilicheka moyoni. Njia itakwenda wapi? Tant Elsa naye alikuwa akipachika madirisha ya pili ndani ya yale ya kwanza, katikati ametandaza pamba, kisha anaziba nyufa kwa vipande vya karatasi na gundi.

Jioni, mezani, farbror alinisimulia habari za kale. Nyuma ya msitu wao, alisema, kuna kilima chenye kuta za mawe makavu, ngome ya watu walioishi kabla hata ya kanisa kufika nchi hii, watu ambao hakuna ajuaye majina yao. Chini ya kilima kuna kiwanja cha familia masikini iliyohama miaka mingi iliyopita, msingi wa nyumba umebaki na mti mmoja wa matofaa. Mwanangu, mimi nilikuwa na ugonjwa wa vitu vya kale tangu utotoni, baba yangu aliniambukiza. Alikuwa mwalimu, na alikuwa radhi kutembea siku nzima akaone jiwe moja. Nikawaza kumpelekea picha ya kuta zile. Kila mlo nikauliza habari za ngome, hata tant Elsa akanitania kwamba nimepata mchumba huko.

"Nitakupeleka mwezi wa Mei," farbror aliniambia. "Sasa hivi hapana. Kule kuna mashimo ya kale, na theluji ikianguka huwezi kuyaona."

Lakini mazoezi yangu yalikuwa yanaisha wiki ile. Mei nitakuwa nimesharudi Tanzania. Nikaitikia vizuri kwa mdomo, moyoni nimeshaondoka.

Sasa nikueleze tabia yetu, maana bila hiyo hutaelewa kosa langu. Kwetu mtu akikuuliza unakwenda wapi, humtajii. Unasema "nafika hapo", naye anajibu "haya, salama", na kila mmoja amebaki na heshima yake. Bibi mzaa mama alikuwa mkali zaidi. Alisema safari ikitangazwa, wenye macho mabaya huitangulia njiani. Nimekuja kukutana huku na Wakongo, Waganda na Warundi, na wote wanalo jibu hilo kwa namna yao. Na nyumbani halina madhara, kwa sababu nyumbani "hapo" ina macho mia. Mama fulani atakuona mtoni, wachunga mbuzi watakuona njia panda, na ukichelewa kila mmoja atasema ulipita wapi na ulivaa nini. Katika msitu ule mwenye macho alikuwa mbweha.

Jumamosi hiyo tulikula saa sita mchana. Kukamua ni saa kumi, kwa hiyo nilikuwa na saa tatu na nusu zangu. Nikavaa buti, nikaficha kamera ndani ya koti. Tant Elsa alikuwa juu ya kigoda, gundi mkononi.

"Unakwenda wapi, Namkunda?"

"Nafika hapo mara moja," nikamjibu kwa Kiswidi changu cha kuokoteza.

"Hapo?" Akatabasamu. Kila siku baada ya chakula nilizoea kushuka ziwani kutazama maji, akadhani ni huko. Nami nikamwacha adhani. Tena nilifanya zaidi ya hapo, na hili ndilo linaloniuma hadi leo. Nikijua kwamba dirishani ananiona, nilishuka kwanza njia ya ziwani, nikamgeukia nikampungia mkono, na nilipofika penye vichaka nikakata kushoto, nikazunguka nyuma ya banda, nikaingia msituni upande wa pili kabisa. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu niliirefusha kwa makusudi.

Msitu ulikuwa kimya. Si kimya cha kwetu, ambacho ndani yake kuna ndege na wadudu na mtu anakata kuni mahali. Pale hata hatua zangu zilimezwa na majani mafupi laini yaliyotanda ardhini kama zulia. Nilipofika juu ya kilima nikaziona kuta, kweli zipo, mawe makubwa yamelaliana bila udongo wala chokaa, yameota ukungu wa kijani, yamezunguka uwanja mtupu. Nilipiga picha mbili. Furaha niliyoitarajia haikuja. Nikahisi kama nimeingia nyumba ya watu bila kupiga hodi, na wenyewe wamenyamaza wananitazama. Nikasema "hodi" kwa sauti, mtu mzima mimi, na sauti yangu ikanitisha zaidi.

Theluji ikaanza. Chembe ndogo kwanza, kisha manyoya. Nikashuka haraka upande wa kile kiwanja nilichosimuliwa, nikauona mti wa matofaa, na pembeni yake kichuguu kirefu chenye majani. Nikapanda juu yake nipate kupiga picha vizuri. Kumbe kile hakikuwa kichuguu. Lilikuwa handaki la viazi la ile familia iliyohama, na magogo ya paa lake yalikuwa yameoza tangu mimi sijazaliwa.

Sikuona kitu. Nilisikia tu mlio wa mti mbovu, kisha nikawa chini, kwenye giza, udongo kinywani, na mguu wa kulia umenigeuka kama si wangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Miaka yote nilidhani methali ile ni ya kupamba maneno, na sasa kifundo changu kilikuwa kinaifafanua.

Juu yangu kulikuwa na tundu lenye ukubwa wa meza, na theluji ikiingia humo taratibu. Mlangoni udongo ulikuwa umeporomoka kuziba. Kuta za mawe, mbichi, zinateleza. Nilijaribu kusimama, nikazirai kidogo kwa maumivu. Nilipozinduka mwanga wa tundu ulikuwa umegeuka kijivu. Saa tisa na nusu mchana, mwanangu, na jua limeshakwenda. Nikapiga kelele. Niliita kwa Kiswidi, kisha kwa Kiswahili, mwishowe nikawa namwita mama kwa Kipare. Sauti iligonga mawe ikarudi kwangu. Hapo ndipo nilipoogopa woga ambao sijauona tena maishani. Nilijua kwamba hakuna mtu hata mmoja duniani anayejua nilipo. Si kwamba wamenisahau. Nimewaficha mwenyewe. Nikashika zile kuta kwa mikono nikaona nimeshazikwa, tena na watu wasionijua jina.

Ikapita saa kumi, wakati wa kukamua. Ndipo nikasikia kengele.

Mashamba ya kale ya huku yalikuwa na kengele juu ya paa, ya kuwaita vibarua kula uji. Ile ya farbror Nils ilikuwa haijagongwa miaka mingi, lakini alishanisimulia kwamba mtu akipotea kwenye theluji, mmoja hubaki nyumbani anaigonga, mara kumi, kisha anatulia asikilize, kisha mara kumi tena. Niliposikia ile ya kumi na kimya kilichofuata, nikapiga kelele mpaka koo likakatika. Hakuna. Kengele ikaanza upya. Halafu kwa mbali nikasikia sauti za wanaume wakiita jina langu, na sauti zile hazikuwa zinakuja. Zilikuwa zinashuka. Zilikuwa zinakwenda ziwani.

Wiki nzima farbror alikuwa akituonya juu ya ziwa. Lilikuwa limeganda kwa siku tatu tu, na barafu ile, alisema, haimbebi hata paka. Na mimi nilimpungia mkewe mkono kwenye njia ya ziwani. Kwa hiyo mzee wa miaka sitini na tisa anakwenda kunitafuta juu ya barafu isiyombeba paka, kwa sababu nimesema "hapo", na "hapo" yangu anayoijua yeye ni maji. Niliacha kujililia. Nikamwomba Mungu anichukue mimi humu shimoni kama ni lazima achukue mtu.

Nikapapasa gizani, mkono wangu ukagusa chuma. Kilikuwa kipande cha jembe la kukokotwa, kizito, kimeliwa na kutu. Nikaokota jiwe. Nikangoja kengele imalize kumi, na kilipokuja kimya nikagonga chuma kwa jiwe, ngo, ngo, ngo, kwa nguvu zote zilizobaki. Kengele ikaanza. Ikamaliza. Nikagonga. Sijui ni mara ngapi. Halafu kengele ikanyamaza kabisa haikurudi, na kimya kile ndicho kilichonitisha kuliko vyote, maana sikujua kama wamenisikia au wamekata tamaa.

Walikuwa wamenisikia. Aliyekuwa akigonga kengele ni tant Elsa. Alikimbia hadi penye vichaka, akamwita jirani yao Sven aliyekuwa nyuma ya mumewe, wakaufuata mlio wa chuma, na ngazi, kamba na taa. Nilipoona uso wa yule mama ukinichungulia kwenye tundu nililia kwa aibu kuliko kwa furaha. Neno la kwanza nililomwambia ni, "Farbror yuko wapi?"

Akamtazama Sven.

Walikuwa wamemwita naye. Lakini farbror Nils sikio lake moja lilikuwa limekufa, na kwenye theluji ile aliona kitu cheusi mbele yake juu ya barafu akadhani ni koti langu. Hakurudi. Aliendelea. Sven alinibeba mgongoni kama gunia, tant Elsa akitangulia na taa, akianguka na kuinuka, akiita jina la mumewe kila hatua. Sijawahi kusikia mtu akiita hivyo. Mpaka leo, mke akimwita mume wake kwa sauti kubwa barabarani, mimi hugeuka.

Ziwani walimulika wakaona tundu jeusi kwenye barafu, na kando yake kofia. Tant Elsa alikaa chini. Alikaa tu kwenye theluji, taa mapajani. Mimi mgongoni kwa Sven, natetemeka meno yanagongana, nikasema moyoni, nimemuua.

Sven ndiye aliyeziona alama. Kutoka kwenye tundu lile kulikuwa na mburuzo, na katika barafu vitobo viwiliviwili, vidogo. Kila mzee wa huku akienda karibu na ziwa huvaa shingoni misumari miwili yenye mishikio ya mbao, akizama aichome kwenye barafu ajivute. Farbror alikuwa ameivaa. Alijivuta, akatambaa, kisha nyayo zikapanda kuelekea nyumbani. Tuliingia nyumbani hayumo. Tulimkuta bandani, amelala kati ya ng'ombe wawili, nguo zimegandia mwilini kama mbao, amejisukuma kwenye matumbo yao kutafuta joto kwa sababu ngazi za nyumba zilimshinda. Ng'ombe wale hawakukamuliwa, na walikuwa wakilia kwa maumivu ya maziwa. Yeye hakuwa akilia wala kusema. Alikuwa na rangi ya nta.

Wote wawili tulichukuliwa hospitali. Mguu wangu ukafungwa plasta, nikaruhusiwa. Yeye alishikwa na nimonia. Siku tisa hatukujua atatokea upande gani. Tant Elsa hakunifukuza, na natamani angenifukuza. Alinipikia uji, akaniwekea mto chini ya mguu, na siku nne hakuniambia zaidi ya "kula" na "lala". Siku ya tano aliketi mbele yangu, mikono juu ya meza.

"Ulisema hapo," alisema. "Nimefikiri sana neno hilo. Ukisema ziwani, nakutafuta ziwani. Ukisema ngomeni, nakasirika, lakini nakutafuta ngomeni. Ukisema hapo, Namkunda, nakutafuta wapi? Unanipa dunia nzima nikutafute, na mimi nina mzee mmoja tu wa kumtuma."



Siku ya kumi farbror akapata nafuu, nikaenda na magongo yangu kumwona. Nilikuwa nimejifunza hotuba nzima ya kuomba radhi, nimeiandika kwenye karatasi kwa Kiswidi. Alinizuia kwa mkono kabla sijaanza. Alikuwa amekonda, pumzi inakoroma. Akaniuliza jambo moja.

"Kuta uliziona?"

Nikasema nimeziona.

"Nzuri?"

"Nzuri, farbror."

"Ungeniambia zinakuua kwa hamu, ningekwenda nawe siku ileile," akasema. "Mashimo yale nayajua yote. Ningekushika mkono."

Wazee wa kwetu wangenichapa kwa maneno, ningelia, ningesahau. Yeye alinisamehe, na msamaha ule ndio ulionikalia kifuani. Kifua chake nacho hakikupona. Alipumua kwa shida tangu siku hiyo, na majira ya kuchipua, kabla sijapanda ndege kurudi nyumbani, lori lilikuja kuchukua ng'ombe. Kumi na wanane, mmoja baada ya mwingine, na yeye mlangoni akimtaja kila mmoja kwa jina na kumgusa paji la uso. Tant Elsa alikuwa ndani anabandua karatasi za madirisha. Mimi nilisimama uwanjani na plasta yangu imeshatolewa, mguu mzima, sina hata pa kuchechemea.

Nikarudi Tanzania, na miaka ya mbele mambo ya dunia yakanirudisha huku. Nimezeekea hapa Spånga, viungani mwa Stockholm. Wazee wale wameshatangulia mbele ya haki.

Basi mwanangu, sikiliza. Unavaa viatu, nakuuliza unakwenda wapi, unanijibu kwa Kiswidi "nje tu", na mlango umeshafungwa. Si kwamba nakupeleleza. Siri zako weka, kila mtu ana zake, na bibi yangu hakuwa mjinga kuogopa macho mabaya. Lakini moyo una siri, njia haina. Jina la anayekungoja usiniambie ukitaka. Niambie mahali. Ukiwa na hamu ya jambo nililokukataza, njoo ubishane nami usoni, mimi Mpare mwenzio, ubishi nauweza. Huenda nikakasirika, huenda pia nikachukua koti nikaja nawe. Usidhani ukificha safari yako unabeba hatari yako peke yako. Aliyekupenda ataibeba gizani, na ataibeba upande usio wako. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mficha njia, mwanangu, kifo hakimwendei yeye. Humwendea aliyetoka kumtafuta.

Mungu akujalie miguu ya kufika mbali kuliko nilikofika mimi. Akujalie kila utakapokaa pawe na mtu wa kukuuliza unakwenda wapi, na akupe ulimi wa kumwambia kweli. Haya, vaa viatu vyako sasa. Unakwenda wapi?